Pazia Ndani ya Basi la Jumanne

Miaka ile basi la kwenda Tunduma lilikuwa moja tu. Lilitoka Mbeya Jumanne alfajiri, likapita Mlowo jua likiwa limeshapanda, likaingia Vwawa, kisha likashika njia ya mpakani. Alhamisi lilirudi Mbeya. Ukilikosa Jumanne, unasubiri Jumanne nyingine, au unakwenda kwa miguu kama watu walivyokwenda kabla ya basi kuja. Hakuna aliyelalamika. Watu walilisikia likiguna kwenye mlima wa mbali, wakaacha majembe shambani na kusimama tu, walitazame likipita na vumbi lake. Hata baadaye, alipokuwa na watoto wake mwenyewe na mabasi yameongezeka, Nesta alikuwa akisikia gari likibadilisha gia mlimani, anaacha kidogo alichokuwa akifanya.

Mwaka huo Nesta alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye na mama yake, Loisi, walikuwa wametoka kwao Igamba wiki tatu nyuma, wakafikia kwa Osea, mdogo wa marehemu baba, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na barabara hapo Mlowo. Loisi aliletwa kwa machela. Mwaka juzi aliteleza kwenye shamba la kahawa akiwa na kikapu kichwani, nyonga ikavunjika, na mfupa ulipounga uliunga vibaya. Mguu wa kulia haukukunjika tena. Aliweza kutembea hatua chache, fimbo mkono mmoja na bega la Nesta mkono mwingine, lakini kupanda kitu chochote kirefu kuliko kizingiti hakuweza.

Kilichomtoa Igamba ni barua ya Leah, binti yake mkubwa, aliyeolewa Tunduma. Barua ilikuwa fupi. "Mama, nina mimba ya tatu. Mbili za kwanza unajua zilivyokwenda. Hii imefika mwezi wa nane. Wanawake wa huku ni wema, lakini ninaogopa. Njoo uwepo wewe." Nesta alimsomea mama yake mara mbili. Loisi aliamka kesho yake akaanza kufunga mzigo.

Sasa tatizo. Dereva wa basi lile la Jumanne alikuwa Anania, mume wa Leah.

Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani. Hawatazamani usoni, hawagusani, hawatajani majina, na hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si ugomvi. Ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyoizidisha. Wapo vijana waliosoma misheni ambao walianza kuilegeza, lakini Loisi hakuwa mmoja wao, na Anania, ingawa aliendesha gari na kuvaa kofia ya khaki, naye hakuwa mmoja wao. Kwa miaka minne ya ndoa ya Leah, Loisi alimwita mkwe wake "mwenye gari," basi.

Jumanne ya kwanza walifika kituoni mapema, mbele ya ghala la kahawa. Loisi aliketi juu ya mzigo, mguu ameunyoosha. Basi lilipotokea kwenye kona, lile la kijani lenye mwili wa mbao, Loisi alivuta khanga kichwani, akajigeuza akaipa barabara mgongo. Nesta naye, kwa aibu yake ya siku zote, akasimama nyuma ya mama na kuangalia chini. Basi likapunguza mwendo. Halafu likaongeza. Likapita.

"Limejaa," alisema Loisi, akifuta vumbi usoni.

Jumanne ya pili mambo yakawa yale yale, ila safari hii Nesta aliinua jicho na kuona ndani ya basi viti vitupu. Na aliona kitu kingine: shemeji yake alikuwa amegeuza shingo upande wa pili kabisa, anatazama mahindi, huku akikanyaga mafuta.

"Mama," alisema jioni, wakimenya viazi, "nadhani hasimami kwa sababu umempa mgongo."

"Ulitaka nimpe uso?"

"Mtu anayegeuzia basi mgongo haonekani kama anataka kusafiri."

"Anajua mimi ni nani. Angesimama mbele yangu ningemwona mtovu wa adabu."

"Basi hatutafika."

Osea, aliyekuwa akisikiliza, alisema yeye angeweza kumsimamisha Alhamisi akirudi Mbeya, amweleze. Loisi alikataa katakata. Mkwe haombwi safari barabarani kama mtu baki, alisema, na zaidi ya hapo, angeambiwaje? Kwamba mama mkwe wako anataka kupanda gari lako? Osea alicheka mpaka akakohoa, lakini hakubishana na mke wa marehemu kaka yake.

Usiku wa kuamkia Jumanne ya tatu Loisi hakula. Alihesabu kwa vidole, akaanza upya, akahesabu tena. Mwezi wa nane ulikuwa umeshaisha. Nesta alimsikia akisema peke yake, si kwa sauti ya maombi wala ya manung'uniko, "Huyu wa tatu akienda nami nimekaa Mlowo, nitamwambia nini mwanangu?"

Asubuhi Loisi alichinja jogoo aliyepewa na Osea, akamkaanga, akamfunga kwenye majani ya mgomba kwa ajili ya Leah. Walipofika kituoni Nesta alimketisha mama mahali pale pale. Kisha, bila kuaga, akatembea. Alipita ghala, akapita duka, akafika kwenye kona ambako mama hakumwona, akasimama katikati ya barabara. Yeye ambaye kanisani aliimba kwa kufungua mdomo tu bila kutoa sauti, alinyoosha mikono yote miwili.

Basi lilipiga honi. Hakutoka. Likasimama hatua tano mbele yake, likitetemeka kama yeye.

"We shemeji!" Anania alitoa kichwa dirishani. "Umechoka kuishi, au umekuja kunioa?"

"Nani akuoe wewe na uso wenye vumbi kama gunia la unga?" Nesta alijibu, na akashangaa mwenyewe. Kwa shemeji maneno huja yenyewe. "Wiki ya tatu hii tunakungoja na unatupita!"

Utani ukamwisha Anania usoni. Alivua kofia. "Nilimwona mama," alisema taratibu. "Mara ya kwanza nikasema labda amekuja kwa ndugu. Alinipa mgongo, nikaipokea heshima, nikamrudishia yangu. Ningesimamaje, shemeji? Nisimame nimwangalie mgongo?"

"Anakwenda kwa Leah."

Anania alirudisha kofia kichwani. "Alhamisi nilimwacha Leah anashika kiuno," alisema. Kisha akaweka gia na kulisogeza basi polepole mpaka mbele ya ghala, macho yake kwenye usukani, hayajaenda kulia wala kushoto.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kondakta, mtu mnene aitwaye Zebedayo, alishuka kwa nyuma akamtazama Loisi, akautazama mguu, akaitazama ngazi ya chuma ya vipandio vitano iliyoning'inia juu ya ardhi kama ya kupandia dari.

"Huyu mama hawezi kupanda hapa," alisema.

"Tumbebe," alisema abiria mmoja.

"Mbebe ukamweke wapi? Mabenchi yamebanana, mguu wenyewe haukunjiki. Na kule nyuma anaruka kama dagaa kikaangoni. Mfupa utatoka."

"Mbele," alisema Nesta, kwa sauti ndogo.

Kiti cha mbele, pembeni mwa dereva, kilikuwa na kipandio cha chini na nafasi ya kunyoosha mguu. Lakini kilikuwa kiti cha makarani na wachungaji, na siku hiyo kilikuwa na karani, Hezron, aliyevaa soksi ndefu na kushika mkoba kifuani.

"Mimi nimelipia kiti cha mbele," alisema Hezron.

Mwanamke mmoja alishuka kutoka nyuma na kapu lake la samaki wakavu. Aliitwa Priska, mfanyabiashara wa Tunduma, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, mrefu, mikono kama ya mtwanga chumvi. "Mayo, mama yangu! Karani," alisema, "hiyo miguu yako yenye soksi nayo imevunjika?"

"Haijavunjika, lakini..."

"Basi ilete nyuma ipate mazoezi. Nitakupa nafasi karibu na samaki wangu, hawaumi."

Watu wakacheka. Hezron alikawia kidogo ili isionekane kwamba amefukuzwa, kisha akashuka.

Kiti kikawa wazi, na hakuna aliyeweza kumweka Loisi pale. Alikuwa bado ameupa umati mgongo. "Mwambieni mwenye gari aende," alisema. "Siwezi kukaa bega kwa bega na mkwe wangu. Afadhali nitambae."

Anania, kichwa ameinamisha, alisema: "Shemeji, mwambie mama, nami siwezi. Lakini mwambie pia siondoki hapa bila yeye."

Basi lilisimama. Jua lilikuwa linapanda. Zebedayo alianza kuzungumzia saa alizoweka tajiri wa Mbeya aliyemiliki basi, Priska akamwambia anyamaze. Halafu Priska huyo huyo akafungua khanga ya pili aliyojifunga kiunoni, akaikunjua. "Pazia," alisema. "Nyumbani mnaweka ukuta. Hapa tutaweka nguo."

Wakajaribu. Upande mmoja wa khanga ulifungwa kwenye msumari wa juu, na upande mwingine haukuwa na pa kufungwa. Isitoshe, Anania alisema nguo ikishuka haoni upande wa kushoto wala kioo cha kule. Ndipo Nesta akaambiwa akae katikati. Mkono wa kulia ashike pazia, macho yake yawe upande wa kushoto, na akiona kitu barabarani apige kelele.

Priska na mwanamke mwingine walimnyanyua Loisi na kumkalisha, mguu ukanyooka mpaka kwenye mlango. Nesta akabanwa katikati, fimbo ya gia kati ya magoti yake. Pazia likapanda. Basi likaondoka.

Ilikuwa safari yake ya kwanza ndani ya gari. Alikumbuka baadaye kila kitu: joto la injini miguuni, harufu ya petroli na samaki, jinsi mahindi mabichi ya mwezi wa tatu yalivyokuwa yanakimbia kurudi nyuma, na wanawake waliosimama shambani wakiweka mkono juu ya macho. Mara nyingine yeye ndiye alikuwa akisimama hivyo. Sasa alikuwa upande wa ndani.

"Mbuzi!" alipiga kelele.

"Nimewaona," alisema Anania.

"Baiskeli! Mzee na mkewe! Kuku!"

"Kuku waache, shemeji, wana akili kuliko karani."

Loisi aligusa goti la Nesta. "Mwulize mwenye gari, Leah anakula?"

"Mama anauliza Leah anakula?"

"Mwambie mama anakula ugali kidogo, na udongo wa kichuguu mwingi."

"Amesema udongo wa kichuguu."

"Nimesikia," alisema Loisi, na Nesta akahisi bega la mama yake linatikisika kwa kicheko kilichofungiwa ndani. "Mwambie nami nilipokuwa na mimba ya Leah nilikula hivyo hivyo. Mwambie ni dalili nzuri."

Hivyo walizungumza mpaka wakapita Vwawa, watu wawili waliokuwa hawajawahi kuzungumza kwa miaka minne, maneno yao yakipita kwa msichana kama maji kwenye mfereji. Mkono wa Nesta ulikuwa unakufa ganzi. Lakini hakuutaka mwisho wa safari.

Baada ya Vwawa nchi ilifunguka. Upande wa kushoto milima ya Ileje ilionekana, mgongo baada ya mgongo, ya karibu kijani na ya mbali kama moshi. Nesta hakuwa amewahi kuiona kutoka hapo. Alitazama. Alisahau kwamba alikuwa anatazama kwa niaba ya mtu mwingine. Barabara ilikunja kushoto, kuelekea kalvati, lile daraja dogo la mtaro, ambako maji ya mvua za wiki ile yalikuwa yamepita juu. Mbele ya dereva palionekana dimbwi tu, kama madimbwi mengine kumi waliyokwisha kuyapita. Lakini kutoka dirisha la kushoto, Loisi aliona kwamba chini ya lile dimbwi hapakuwa na barabara. Ukingo wote ulikuwa umeliwa, maji yanatoka chini ya udongo kama ulimi.

"Anania! Simama! Anania!"

Breki zililia. Watu wa nyuma walirundikana mbele, kapu la samaki likaruka. Basi lilisimama, tairi la kushoto likiwa limebakiza upana wa kiganja kufikia shimo.

Kwa muda kilichosikika ni maji tu. Kisha Zebedayo alishuka, akaona, akashika kiuno. "Mungu wa Mbinguni," alisema. "Tungelala humo wote."

Nesta aligeuka kwa mama yake akitaka kuomba radhi. Loisi alikuwa amejifunika khanga uso mzima. Hakuwa analilia shimo.

"Nimemtaja," alisema. "Nimemwita jina mara mbili. Mbele ya watu. Nesta, nishushe."

"Mama, umetuokoa."

"Nishushe hapa. Nitakaa kando, mtanikuta mkirudi. Siwezi kwenda kuingia kwake baada ya hili. Nitamshikaje mtoto wake kwa mikono hii?"

Aliushika mlango kweli. Na Nesta alijua kwamba akishuka pale porini, safari yote, wiki tatu, na woga wa Leah, vyote vitakuwa vimekwisha, kwa sababu hakuna mtu duniani angemrudisha kwenye kile kiti. Alishika mkono wa mama yake, na mkono mwingine bado umeshika pazia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliachie.

Priska alikuja mpaka dirishani, samaki mmoja mkononi. Hakucheka safari hii. "Mama," alisema, "kwetu Wanamwanga, mdomo ukimponyoka mama mkwe, anampikia mkwe wake. Mkwe akila, neno limekwisha. Kwenu si hivyo?"

Loisi alishusha khanga kidogo usoni. "Kwetu pia," alisema mwishowe.

"Na una nini kwenye hayo majani?"

"Cha Leah."

"Kimeshapikwa?"

Loisi alilishika furushi la majani ya mgomba, akalishikilia. Nesta aliona shida yake. Jogoo yule alichinjwa kwa ajili ya mtoto aliye na hofu, si kwa ajili ya aibu ya barabarani.

Sauti ya Anania ikatoka upande wa pili wa nguo, nzito kidogo. "Shemeji. Mwambie mama sijala tangu Mbeya. Mwambie bawa moja linanitosha."

Loisi alifungua majani. Hakutoa bawa. Alivunja paja, lile kubwa, akaliweka kwenye jani safi, akampa Nesta, na Nesta akalipitisha chini ya pazia. Abiria walikuwa wameshuka, wamesimama kando ya barabara kimya kama watu wa arusini wakingojea bwana harusi aonje. Hezron karani naye alikuwepo, soksi moja imeshuka. Wakasikia Anania akitafuna. Wakasikia akimaliza. Wakasikia akisema, "Asante, mama," moja kwa moja, bila kumtuma mtu.

Priska akapiga kigelegele, na wanawake wakamjibu.

"Sasa tutoe pazia?" aliuliza Nesta kwa matumaini, kwa sababu ya mkono wake.

"Nani amekuambia?" alisema Loisi. "Kula ni kula. Kuonana ni kuonana. Shika nguo vizuri, na safari hii uangalie barabara."

Wanaume walibeba mawe wakajaza shimo, Hezron akabeba kama wenzake, na baada ya saa moja basi likavuka polepole. Waliingia Tunduma mchana. Leah alikuwa amesimama mbele ya nyumba, mkono mmoja kiunoni, akingojea mume tu kama kila Jumanne. Alipoona mlango wa kushoto unafunguka na mguu ulionyooka unatangulia kutoka, alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini unasimama juani?" Loisi alimfokea kabla hajashuka. "Ingia ndani. Maji yapo motoni? Nani anakupikia? Nesta, lete fimbo yangu."

Uchungu ulimshika Leah Jumatano mchana. Loisi aliketi kwenye kigoda, mguu ameunyoosha pembeni, akafanya kazi yake akiwa ameketi, akiamuru wanawake wengine wafanye ile ambayo mguu ulimkatalia. Nesta alikaa nje ya mlango. Alisikia dada yake akisema, "Mama, uko?" na mama akijibu, "Niko," tena na tena, bila kuchoka.

Alhamisi, kabla jua halijatoka, Loisi alimwita. Akamnong'oneza maneno, akamtuma.

Anania alikuwa amelala chini ya basi, anakaza kitu, anajiandaa kurudi Mbeya. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

"Shemeji," alisema Nesta, "mama amenituma. Anasema mwambie mwenye gari ni mtoto wa kike. Anasema analia kwa nguvu."

Spana ilianguka. Miguu ile haikusogea.

"Na Leah?"

"Anakunywa uji. Ameomba kikombe cha pili."

Alingoja atoke, amtanie, aseme kitu. Hakutoka. Nesta aliketi kwenye kipandio cha mbele, akangoja, na kutoka chini ya basi akasikia mtu mzima akivuta pumzi ndefu, mara moja, mara mbili, kama aliyekuwa ameibana tangu mimba ilipofika mwezi wa nane. Watu wa safari ya Mbeya walianza kufika mmoja mmoja na vifurushi vyao. Hakuna aliyeharakisha.